Klabu ya likizo za meli: miezi saba niliyolipa nikiwa Kigoma

Mwezi huu watu wanne wameniuliza kama ile klabu ya likizo za meli za kitalii, unayoilipa ada kila mwezi upate pointi za safari, inafaa. Wawili kati yao walishaandaa pesa kwenye simu, wanasubiri tu niseme "ingia". Naandika hapa ili nisiendelee kurudia maneno. Kwa mtu anayeishi Kigoma na riziki yake inatoka ziwani kama yangu, jibu langu ni hapana. Ila hapana peke yake haimsaidii mtu aliyeshaonyeshwa picha za zile meli, kwa hiyo nitaeleza nililipa nini na hesabu ilikaaje nilipokuja kuifanya.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nanunua kwenye mwalo wa Kibirizi, naanika, napakia kwenda Dar es Salaam. Aliyeniingiza kwenye klabu ni shoga yangu niliyesoma naye. Alikuja nyumbani Januari 2024, akaniambia, "Shoga, miaka yote hii unahangaika na magunia, hujawahi kupumzika hata wiki moja." Lilikuwa neno la kweli, na lilinigusa. Jumamosi yake tukaenda kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Palikuwa na projekta, soda na sambusa, na meli ndefu kama mtaa mzima, yenye mabwawa ya kuogelea juu na kumbi za muziki ndani.

Kilichonishika hasa si mabwawa, ni kumbukumbu ya mama yangu. Mama alipanda MV Liemba, ile meli kongwe ya abiria ya Ziwa Tanganyika, akiwa msichana aliyeolewa juzi juzi, anamfuata baba Kipili alikokuwa na kazi. Hadi leo akisimulia anasimama. Meli inatia nanga mbali na ufuko kwa kuwa gati hakuna, mitumbwi inaizunguka, watu wanapiga kelele, yeye ana mtoto mgongoni. Mmoja anamvuta mkono kutoka juu, mwingine anamsukuma kutoka chini. Usiku alilala kwenye sitaha akatazama taa za wavuvi wa dagaa, akadhani ni mji. Nikajiambia, mama huyu atapanda meli nyingine kabla hajafa, na safari hii atalala kitandani.

Kuna jambo nililijua baadaye, na hadi leo linanipa raha. Yule mtoa mada alisema meli kubwa za kitalii nyingine zinaundwa na Meyer Werft, pale Papenburg, Ujerumani. Ni kiwanda hicho hicho kilichounda Liemba mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari hadi Dar na kwa reli hadi hapa kwetu, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, Waingereza wakaja kuiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ningeambiwa hayo pale ukumbini, ningelipa hapo hapo nisiulize lolote. Nashukuru angalau niliuliza maswali mawili.

Masharti yalikuwa haya. Unalipa dola 100 kila mwezi, klabu inakuandikia pointi 200, na pointi moja inahesabiwa dola moja ukikata safari kwenye tovuti yao. Ukisikia hivyo unaona pesa yako imezaa maradufu. Nilichouliza ni kama pointi zinalipia safari nzima, nikajibiwa "zinalipia sehemu, na sehemu inakua kadiri unavyokaa". Swali la pili lilikuwa kama naweza kurudishiwa pesa nikibadili nia. Ndiyo, ndani ya siku 14 za mwanzo. Siku hizo 14 nilizitumia kumsimulia mama, wala sikufungua tovuti. Wewe ukiingia, zitumie kufanya hesabu nitakayoieleza hapa chini.

Kwa shilingi, pamoja na makato ya kadi ya mtandaoni niliyoifungua kwenye simu, kila mwezi ilinitoka wastani wa 265,000. Kwa anayepokea mshahara tarehe moja kila mwezi labda hiyo si shida. Sisi wa dagaa tunaishi kwa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti kitu, vyombo vinalala, na mfukoni kunakuwa kweupe kama nje. Ada ya klabu haijui giza wala mbalamwezi, kila tarehe 9 inakatwa. Halafu tarehe 15 Mei 2024 serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Silaumu hatua hiyo, ziwa lilikuwa limechoka na kila mmoja wetu aliliona hilo kwenye mizani. Lakini ada ya Juni na ya Julai niliilipa kutoka kwenye mtaji, na ya Julai niliilipa siku ambayo nilishamwambia kijana wangu wa kuanika akae nyumbani kwa kuwa sina cha kumpa. Hilo bado linaniuma.

Kufungwa kwa ziwa ndiko kulikonipa nafasi ya kukaa chini. Mtoto wa dada yangu ana duka la steshenari Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, ana kompyuta nzuri. Alinifungulia tovuti ya klabu upande mmoja na tovuti ya kampuni yenye meli upande wa pili. Tukachagua safari ile ile, meli ile ile, tarehe ile ile: usiku saba Mediterania kuanzia Barcelona, chumba cha ndani kisicho na dirisha, watu wawili. Mimi niliandika kwa kalamu nyuma ya karatasi ya mizani, na karatasi hiyo ninayo.

Bei ya klabu kwa mtu mmoja: dola 980. Pointi nilizoruhusiwa kutumia kwenye safari hiyo: 343. Baki ya kulipa taslimu: 637. Kodi na ada za bandari, ambazo pointi haziruhusiwi kuzigusa: 190. Jumla mfukoni: 827. Kwenye tovuti ya kampuni ya meli, ambako mtu yeyote anaingia bila uanachama, nauli ilikuwa dola 720, ukiongeza zile 190 unapata 910.

Kijana akasema, "Mama mdogo, si umeokoa dola 83?" Nikamwambia ngoja kwanza. Zile pointi 343 sikuziokota njiani. Nilizinunua, na kwa kuwa kila dola moja ilinipa pointi mbili, zilinigharimu dola 171 na nusu. Jumlisha na 827 unapata 998 na nusu. Maana yake safari ile ile, kupitia klabu, ingenigharimu karibu dola 90 zaidi ya mtu anayekata tiketi mwenyewe leo asubuhi. Na pointi zangu nyingine 1,057 zingebaki zimekaa, zikisubiri niende safari nyingine tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa pointi ni kitu gani. Pesa yangu ikiwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, nikipatwa na msiba inanizikia mtu. Pointi haizikii mtu, hailipi ada ya shule, hainunui hata gunia la chumvi, na bei ya kitu pekee inachonunua inapangwa na aliyekuuzia pointi hiyo. Usitazame umepata pointi ngapi. Tazama bei ya safari hiyo hiyo kwa mtu asiye mwanachama, siku hiyo hiyo, chumba cha aina hiyo hiyo. Bei za meli zinapanda na kushuka, kwa hiyo pengine utakuta safari ambayo klabu iko chini. Mimi nililinganisha safari sita jioni ile, nikakuta moja tu.

Na nauli ya meli kwa mtu wa Kigoma ndiyo sehemu ndogo. Barcelona inahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, na uende mwenyewe Dar es Salaam ukachukuliwe alama za vidole. Mama yangu ana magoti; kumtoa hapa hadi Dar kwa ajili ya vidole tu ni safari ya kujipanga. Meli ikipita Tunis halafu ikarudi Ulaya, umetoka nje ya Schengen, kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Halafu tiketi ya ndege. Halafu bakshishi ya wahudumu, ambayo meli nyingi kubwa zinaikata zenyewe kwa kila mtu kwa kila usiku, na matembezi ya kila bandari ni pesa yake. Ukisafiri peke yako ujue pia kwamba bei zinazotangazwa ni za watu wawili kwenye chumba kimoja. Peke yako mara nyingi unalipia karibu vitanda vyote viwili. Ukumbini hakuna aliyetaja viza. Ukumbi mzima ulikuwa wa watu wenye pasipoti ya Tanzania, na neno viza halikutajwa!

Kilichotajwa sana ni watu. Ukileta watano na wakaendelea kulipa, ada yako inafutwa. Watano wako nao walete watano watano, na hao watano tena. Ukifika ngazi ya saba unatafuta watu 78,125. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inakataza biashara za upatu wa namna ya piramidi, na waliopitia ule upatu wa DECI mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa sababu. Sisemi klabu hii ni kitu hicho. Safari zipo, na nimeona mtu wa Dar aliyesafiri kupitia kwao akarudi salama. Nasema jiulize swali moja: kama hakuna anayelipwa kwa kuleta mtu, ningeingia kwa ajili ya safari tu? Mimi nisingeingia, na sidhani kama shoga yangu angenifuata nyumbani.

Mimi nilimleta mtu mmoja. Binti wa shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi Kasulu. Alilipa miezi mitatu. Nilipompigia simu kumwambia natoka, alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, mimi hata meli siipendi. Niliingia kwa kuwa ni wewe." Hakuna hesabu niliyoiandika kwenye ile karatasi iliyonikata kama maneno hayo.

Kujitoa kwenyewe hakukuwa kugumu: kitufe kipo kwenye akaunti, ukishakibonyeza wanakutumia barua pepe ya kukubembeleza, na pointi zinafutika baada ya muda walioutaja kwenye masharti. Fungia na ile kadi ya mtandaoni pia, usitegemee kitufe peke yake.

Safari ya mama bado ipo moyoni. Mtoto wa dada alinionyesha kwamba majira ya joto ya kusini meli za kampuni ya MSC zilikuwa zikiondoka Durban, Afrika Kusini, kwenda pwani ya Msumbiji, safari za siku chache tu. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi mafupi, na Msumbiji vivyo hivyo. Unakata moja kwa moja kwa kampuni au kwa wakala, unaweka malipo ya awali, unamalizia kabla ya tarehe. Huko hakuna ada ya mwezi. Nimefungua daftari jipya kwa ajili hiyo, na linaandikwa kwa giza, si kwa tarehe: giza likiwa zuri naweka, likiwa baya naacha.

Ila deni ni la kwanza. Yule binti nilimwambia ada zake tatu nitazirudisha mimi, shilingi 795,000. Alikataa, nikamtumia hivyo hivyo. Nimeshampa 530,000, na zilizobaki zimo kwenye magunia yaliyo juani sasa hivi hapa uani.