Miaka mitatu na Request ya Mariya Takeuchi: uzoefu wangu

Wengi wetu tumemjua Mariya Takeuchi, mwimbaji na mtunzi wa Kijapani, kupitia mlango mmoja. Mwaka 2017 mtu alipandisha YouTube wimbo wake wa Plastic Love ukiwa na picha nyeusi na nyeupe ya binti anayecheka, na tangu hapo mtandao ukawa unawaletea watu wimbo huo bila wenyewe kuuomba. Mimi uliniletea usiku mmoja Tanga, nikipiga pasi nguo za kazini. Sikuelewa hata neno moja. Niliurudia mpaka nguo zikaisha.

Wimbo ule unastahili sifa zake zote. Gitaa la besi linatembea, ngoma hazina haraka, na juu yake mwanamke anaimba kwa utulivu kwamba mapenzi kwake sasa ni mchezo, kumbe ameumia. Ila ukiishia pale utakuwa umebaki barazani. Hata ile picha si ya wimbo huo; ilipigwa na Mmarekani Alan Levenson kwa ajili ya wimbo mwingine wa Takeuchi, wa mwaka 1980. Plastic Love umo katika albamu ya Variety ya mwaka 1984, ya kwanza ambayo nyimbo zote alizitunga mwenyewe, na mtayarishaji wake alikuwa mumewe, Tatsuro Yamashita.

Ninayotaka kuizungumzia ni ile iliyofuata, Request, ya Agosti 1987. Nimeisikiliza miaka mitatu sasa tangu nije Matsue, Japani, kusoma, na sijaona albamu iliyonifundisha Kijapani, na kunifundisha kusikiliza, kama hii.

Kwanza habari ya kununua. CD ya kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeandika kwamba iko katika hali nzuri sana. Ilifika na mkwaruzo kama wa kucha upande wa chini, na ikawa inaruka kwenye ubeti wa pili wa wimbo niliokuwa nautaka kuliko zote. Nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, omba picha ya upande unaong'aa, usiridhike na picha ya kasha. Ya pili niliipata hapahapa Matsue kwa yeni 500, kasha lina ufa lakini CD safi, na kijitabu cha maneno ya nyimbo kimo. Kijitabu hicho ndicho kilichonifungua macho.

Request ina jambo lake la pekee. Nyimbo zake nyingi Takeuchi alikuwa amekwisha kuwatungia wengine, wasichana nyota wa miaka ile. Kenka wo Yamete aliutunga kwa ajili ya Naoko Kawai mwaka 1982, Genki wo Dashite kwa ajili ya Hiroko Yakushimaru mwaka 1984, na Eki kwa ajili ya Akina Nakamori mwaka 1986. Halafu akazichukua na kuziimba mwenyewe, mama wa zaidi ya miaka thelathini, kwa ile sauti yake nzito kidogo isiyojitutumua. Maneno hayakubadilika, lakini uzito wake ulihama. Kenka wo Yamete ni msichana anayewasihi vijana wawili waache kumgombania. Kwa Kawai nasikia aibu ya msichana. Kwa Takeuchi nasikia mtu anayekumbuka kosa lake la zamani na kulikubali. Genki wo Dashite, ambao ni rafiki anayembembeleza rafiki aliyeachwa, una kitu kizuri sana: Yakushimaru mwenyewe amekuja kuitikia nyuma ya mtunzi wake.

Sasa Eki. Eki maana yake stesheni. Jioni, mwanamke anamwona mtu katika umati, anamtambua kwa koti lake la mvua. Ni miaka miwili tangu waachane. Anataka kumwita, hana la kumwambia. Anapanda treni ileile, behewa la jirani, na kutoka pale anautazama uso wake kwa upande. Machozi yanamlenga. Kisha watu wanashuka, umati unammeza yule bwana, mvua inakatika, na usiku wa kawaida unarudi. Hadithi ndiyo hiyo tu. Hakuna salamu wala kugombana.

Nilikaa na kijitabu na kamusi jioni tatu mfululizo, nikafika mstari mmoja nikakwama. Pale behewani mwanamke anasema kwamba sasa ndipo anaelewa jambo fulani kuhusu mapenzi yao, na sentensi hiyo haina mtenda. Kijapani kinaruhusu. Unaweza kuusoma mstari huo kuwa yule bwana alimpenda yeye peke yake, au kuwa yeye peke yake ndiye aliyependa. Wajapani wenyewe wanabishana. Lakini mimi niliyekuwa nautafsiri nilikuwa na shida kubwa zaidi yao, maana kitenzi chetu hakikubali kutembea bila mtu mgongoni. Lazima niseme alinipenda au nilimpenda. Kiswahili kinanidai jibu ambalo Takeuchi hakulitoa.

Tangu siku hiyo nawasikiliza Nakamori na Takeuchi kwa sikio jingine. Nakamori anauimba kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, na mimi nasikia mwanamke aliyependa peke yake. Takeuchi anausimamisha wima, fidla zinapanda nyuma yake, na nasikia mwanamke aliyechelewa kugundua kwamba alipendwa. Hilo la pili linauma zaidi, maana hakuna wa kulaumu.

Nimekulia nyumba ya taarab. Kwetu, mwanamke akiumizwa na mapenzi, wimbo una wa kumfikia. Fumbo linarushwa na mwenyewe anajijua. Takeuchi harushi kwa yeyote. Anaumia kwenye behewa la jirani na anashuka na maumivu yake. Mwanzoni nilidhani ni upole wa Kijapani tu. Sasa naona ni ufundi, tena wa kazi ngumu, kuandika wimbo mzima wa mtu asiyefungua mdomo.

Dosari zipo. Iro White Blend, ambao asili yake ni tangazo la vipodozi, ni mwepesi mno kwangu, huwa nauruka. Baadhi ya milio ya kinanda cha umeme imeshikwa na miaka ya themanini ikashindwa kutoka. Na kijitabu ni Kijapani mwanzo mwisho, kwa hiyo asiyesoma lugha hiyo atalazimika kupata msaada mahali pengine. Lakini nampa nyota tano bila kusita.

Mwaka jana nilikwenda alikozaliwa, Izumo. Si mbali na Matsue. Treni ndogo ya Ichibata inafuata ukingo wa Ziwa Shinji, maji yako karibu hata ungetamani kunyoosha mkono. Familia yake ina nyumba ya wageni ya kale, Takenoya, iliyofunguliwa mwaka 1877, kwenye barabara inayoelekea hekalu kuu la Izumo. Sikuweza kulala pale, bei yake si ya mwanafunzi, lakini nilisimama mlangoni kwa muda. Hekalu lenyewe watu huliendea kuombea kufungwa kwa uhusiano, ndoa hasa, na wakisali hupiga makofi manne, wakati mahekalu mengine karibu yote hupiga mawili. Mtunzi wa nyimbo za watu waliopishana amekulia mlangoni pa wanaoomba wasipishane. Kurudi jioni niliusikiliza Eki ndani ya treni, ziwa limeshakuwa jeusi.

Usiku huo nilimtumia dada yangu Tanga wimbo huo pamoja na tafsiri yangu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, nimelia. Lakini hapa katikati mbona umeniacha hewani, nani alimpenda mwenzake?" Nilikuwa nimeacha nafasi wazi kwenye mstari ule. Nikamwandikia zote mbili, achague. Akakaa kimya siku mbili, kisha akaandika neno moja: alinipenda.

Mimi bado sijachagua.