Laptop yangu ilitangaziwa kifo, na bado naifanyia kazi: uzoefu wangu wa miaka sita

Laptop ninayoiandikia maneno haya ilishatangaziwa kifo. Fundi aliiwasha, akasikia feni inazunguka, akaona kioo cheusi, akaifunika na kuniambia madabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipande vyote, imekwenda. Hakuifungua. Haikumchukua hata dakika tano. Nilirudi nayo nyumbani na huzuni ya kweli, maana kazi zangu zote zilikuwa humo ndani na mashine yenyewe haikuwa imetimiza miaka mitatu. Leo ina sita. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye naye ameambiwa hivyohivyo, na kwa anayetafuta laptop ya kununua na anajiuliza aangalie nini zaidi ya kasi na sura.

Yangu ni ya inchi 14, nene kidogo kuliko zinazopendwa sasa. Nilipoinunua niliuona unene ule ni kasoro, na nilikosea. Kwa sababu ya unene huo RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imekaa katika vipande viwili vinavyochomoka, SSD, yaani diski isiyozunguka, imefungwa kwa skrubu moja, na betri imeshikwa kwa skrubu badala ya kubandikwa kwa gundi. Mfuniko wa chini una skrubu kumi za kawaida za msalaba. Ukiniuliza leo sifa ya kwanza ya laptop ni ipi, nitakwambia ni tumbo lake kufunguka.

Usiku ule wa kioo cheusi niliiweka mezani, nikaichomeka chaja na kuiwasha tena na tena. Chumba kilikuwa na giza, na giza lile ndilo lililonisaidia: nikaona kitaa kidogo cha kuchaji kinameta kwa mpango. Mara mbili rangi ya machungwa, mara tatu nyeupe, kinatulia, kisha kinarudia. Mchana, chini ya mwanga mkali, kisingeonekana kirahisi. Nilihesabu mizunguko minne nikiandika kwenye karatasi, halafu nikakitafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yangu. Watengenezaji wengi wanakiweka bure kwenye tovuti zao, na ni kitabu tofauti kabisa na kile kijitabu kinachokuja ndani ya boksi. Humo mlikuwa na jedwali la kumeta kwa taa. Mbili kwa tatu, lilisema, ni RAM haijaonekana.

Siwezi kueleza nilivyojisikia. Mashine ilikuwa imesema ugonjwa wake mchana kutwa, na hakuna aliyeisikiliza. Kila mtengenezaji ana lugha yake, kwa hiyo msiichukue mbili kwa tatu yangu mkaitumia kwenye laptop nyingine. Kuna zinazolia bip, kuna zinazometesha taa ya Caps Lock, na maana hubadilika hata kati ya modeli mbili za kampuni moja. Lakini hesabuni kabla ya jambo lingine lolote.

Kabla ya kushika bisibisi nilifanya vipimo vitatu visivyohitaji kuifungua mashine, na bado naviamini. Nilichomoa chaja, nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha nikajaribu upya. Nilimulika kioo kwa tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu sana nyuma ya weusi, basi kompyuta ni nzima na kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo au waya wake unaopita kwenye bawaba. Mwisho niliiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, tatizo ni kioo. Kwangu havikuzaa kitu vyote vitatu, na hilo nalo lilikuwa jibu, kwa sababu lilikubaliana na kitaa.

Nikafungua. Nilichora umbo la mfuniko kwenye karatasi na kuitoboa kwa kila skrubu mahali ilipotoka, maana urefu wake haufanani. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi, na hapo utakuwa umejiletea ugonjwa ambao hukuwa nao. Niligusa chuma kisicho na rangi kuondoa umeme tuli mwilini, nikachomoa plagi ya betri kwenye bodi, kisha ndipo nikagusa kitu kingine.

Vipande vya RAM vinashikwa na vibanio viwili vya chuma, kimoja kila upande. Ukivitanua kwa kucha, kipande kinajiinua chenyewe na kusimama mshazari, unakivuta taratibu. Kipande cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili kilikuwa na ukungu wa kahawia kwenye meno yake ya dhahabu, kama alama ya kidole iliyokaukia pale kwa muda mrefu. Nilikifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili, nikasubiri kikauke, nikakirudisha kwa mshazari uleule hadi dhahabu ikazama karibu yote, kisha nikakilaza chini. Klik. Sauti ile ndiyo unayoitaka. Kwenye jaribio la kwanza sikuisikia, nikakitoa na kukirudisha.

Nilipowasha, kioo kilibaki cheusi. Karibu nikate tamaa, na naomba hapa mnisome vizuri: baada ya kuigusa RAM, laptop inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi ikiipima upya kabla ya kuonyesha chochote. Usiizime. Nilikaa nimeikodolea macho, na nembo ikatokea. Usiku uleule nilikiacha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows kiende hadi mwisho, na hakikukuta kosa.

Ugonjwa wa pili ulikuja polepole mwaka wa nne. Feni ilianza kupiga kelele hata nikiandika tu, na nikiwa kwenye mkutano wa video mashine inajizima ghafla, bila onyo wala ujumbe. Kujizima kwa namna hiyo, hasa ikiwa kwenye kazi nzito na ikakataa kuwaka mpaka ipoe, mara nyingi ni joto. Prosesa nyingi za laptop, yaani ubongo wa mashine, zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo zinapunguza kasi zenyewe, na zikizidi zinazima mashine kujilinda. Programu ya kupima joto ilinionyesha 97.

Nilidhani feni imechoka. Nilipoitoa niliikuta inazunguka vizuri tu, ila kati yake na mapezi membamba ya kupozea palikuwa na kitambaa kizima cha vumbi, kijivu, kimeshikana kiasi kwamba nilikitoa kwa kibano kikiwa kipande kimoja, kirefu kama kidole. Hewa ilikuwa haina pa kutokea. Kupuliza kutoka nje kungekisukuma tu kirudi kwenye feni. Na ukipuliza, ishikilie feni kwa kidole isizunguke. Upepo mkali unaizungusha kuliko ilivyoundwa na kuharibu mhimili wake. Pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, nikaifuta na kuweka mpya, tone la ukubwa wa punje ya dengu. Kazi ileile ya 97 ikashuka hadi 78. Sasa naifungua na kusafisha feni yake kila mwaka.

Betri nazungumzia kwa uzito zaidi, kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia. Mwaka wa tano tachipedi, kile kibao cha kusogezea kishale kwa kidole, ilianza kuwa ngumu kubonyeza upande wa kulia. Nikaona laptop haikai sawa mezani, inayumba kidogo. Nilidhani ni takataka zimeingia chini ya tachipedi, na nilitaka kuibonyeza kwa nguvu. Namshukuru Mungu sikufanya hivyo. Ilikuwa betri imevimba na kuisukuma kwa chini. Betri za lithiamu zikichoka zinaweza kutoa gesi ndani ya mifuko yake, na mfuko huo ukitobolewa unaweza kuwaka moto. Ukiona dalili hiyo, zima, chomoa chaja, usiichaji tena hata kwa dakika moja. Usiibonyeze, usiitoboe, usiitupe na taka za kawaida. Ipelekwe wanakopokea taka za umeme. Kama betri ya laptop yako imebandikwa kwa gundi, mwachie fundi mwenye vifaa. Yangu ilikuwa ya skrubu nne, na hata hivyo niliitoa kwa mikono miwili, polepole, kwa bisibisi tu na si kitu cha kukwangulia.

Ningejua mapema kama ningekuwa naipima. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, utapata ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo iliozaliwa nao na uwezo ilio nao sasa ikijaa. Yangu ilizaliwa na mWh (miliwati-saa) 45,000, na ripoti ya mwisho ilisoma 26,100. Hiyo ni asilimia 58.

Chaja iliharibika mara moja, waya ulikatikia ndani karibu na plagi. Kama chaja yenu ni ya plagi ya duara, soma maandishi ya mgongoni: volti lazima zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi. Yangu ni volti 19.5 na ampea 3.34, yaani wati 65. Niliwahi kuazima ya wati 45, ikawa inachaji ikiwa imezimwa na kushuka ninapofanya kazi, nikadhani betri ndiyo mbovu.

Diski sikuwahi kusumbuliwa nayo, ni SSD. Ila wenye diski za kuzunguka, mkisikia kaka-kaka ndani, nakilini mafaili kwanza, siku hiyohiyo. Uchunguzi utafuata baadaye.

Mabaya yake nayo yapo. Tundu la chaja limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na kwa sehemu inayoguswa kila siku huo ni uundaji mbaya. Zipo laptop ambazo tundu lake ni kipande cha pembeni chenye waya mfupi, unabadilisha kwa dakika kumi. Kibodi nayo imeunganishwa na mfuniko wa juu, kwa hiyo kitufe kimoja kikifa unavua mashine nzima. Spika ni hafifu. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imezuiwa na tundu lile.

Bawaba ya kushoto imeanza kukaza. Nikifungua kioo, kona ya plastiki inanyanyuka kidogo, na nisipoishughulikia itapasuka pale skrubu zilipojishika. Kitabu cha matengenezo kinasema nianze kwa kuchomoa plagi ya betri, kisha waya wa kioo, kisha skrubu sita. Bawaba mpya imeshafika, ipo mezani hapa kando yangu, na karatasi ya kutobolea skrubu nimeshaichora.