Albamu ya B'z ya kuanzia: nunua "Loose", tena ya mtumba

Kila aliyeagiza gari kutoka Japani anaijua kero ya redio yake. Nyingi zinashika kuanzia 76 hadi 90 MHz tu, na stesheni zetu karibu zote ziko juu ya hapo. Fundi atakufungia kidude cha kubadilisha masafa na mambo yataenda. Lakini tundu la sidii katika redio hiyohiyo halihitaji fundi. Kama unalo na limekaa bure, huu ni mwongozo wako.

B'z ni watu wawili, Tak Matsumoto kwenye gitaa na Koshi Inaba kwenye sauti. Walianza mwaka 1988, na hakuna msanii aliyeuza rekodi nyingi kuliko wao nchini Japani: zaidi ya milioni 80. Ukiingia sokoni utakutana na albamu zao rundo zima. Mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza, bila ubishi wowote, ni "Loose". Ilitoka tarehe 22 Novemba 1995 ikauza zaidi ya nakala milioni 3, na hakuna albamu yao nyingine ya studio iliyofika hapo. Mwanzoni B'z walikuwa wakicheza muziki wa disko wenye kinanda na ngoma za mashine, kisha wakazama kwenye bluzi nzito. Hapa ndipo vitu hivyo viwili vilipopatana. Sikiliza "Love Phantom": vinanda vya nyuzi vinapanda kwa zaidi ya dakika nzima, unaanza kudhani umeweka sidii ya filamu, halafu gitaa linaingia kwa kishindo. Abiria wangu wengi huuliza hapohapo, "Huyu nani?" Halafu kuna "Bad Communication", wimbo wao wa disko wa mwaka 1989, ambao hapa wameupiga kwa gitaa kavu. Wimbo huo mmoja unakuonyesha walikotoka na walikofika.

Na hizo milioni 3 zina maana nyingine kwa mnunuzi. Kitu kilichouzwa hivyo kimejaa kila duka la mtumba Japani, na "Loose" mara nyingi haifiki yeni 500. Ukikuta mtu mtandaoni anaiita "adimu" na kutaja bei ya kukutoa jasho, mwachie. Gharama halisi ni posta, kwa hiyo usiagize moja. Agiza nne au tano kwa mzigo mmoja.

Ndiyo maana nina namba mbili na namba tatu. Ya pili ni "Run" ya mwaka 1992, roki iliyochangamka, nzuri kwa safari ndefu. Ya tatu ni "Brotherhood" ya mwaka 1999, ambayo gitaa lake ni zito zaidi. Kwenye wimbo mmoja wamealikwa mpiga besi Billy Sheehan na mpiga ngoma Pat Torpey wa Mr. Big, kundi la roki la Marekani. Mpenzi wa gitaa anaweza hata kuianza hiyo kabla ya "Run", sitamlaumu.

"The 7th Blues" ya mwaka 1994 naiweka ya nne. Ni sidii mbili zenye nyimbo 20, na kwa mgeni ni mlo mkubwa mno. Ukiinunua, hakikisha muuzaji ameonyesha picha ya sidii zote mbili.

Je, "Pleasure", ule mkusanyiko wa mwaka 1998 uliouza zaidi ya milioni 5? Ni rahisi, na nyimbo nyingi kubwa za miaka ile zimo. Ila utasikia vilele tu bila safari ya kuvifikia. Na kama gari lako halina tundu la sidii, nyimbo zao zimekuwa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni tangu Mei 2021, hivyo weka pesa yako mfukoni.

Sasa hali ya mzigo. Wauzaji wa Kijapani hupanga madaraja ya sidii kama karatasi ya mnada wa gari inavyopanga madaraja ya gari, na huandika hadi kamkwaruzo kadogo. Tafuta yenye "obi", ule ukanda wa karatasi unaozunguka mgongo wa kasha. Ukiwepo, mara nyingi mwenye sidii alikuwa mtunzaji. Epuka zilizoandikwa レンタル落ち. Hizo zilikuwa za kukodisha, zimepita mikono mingi na mara nyingi zimebandikwa stika zisizotoka. Mpya haina haja: ni kama yeni 3,000, na huko bei ya sidii mpya hupangwa na kampuni ya rekodi, kwa hiyo usisubiri ishuke.

DVD za maonyesho yao ziache kwanza. DVD hufungwa kwa kanda za dunia: za Japani ni za kanda ya 2 na sisi huku Afrika Mashariki tuko kanda ya 5, kwa hiyo deki yako inaweza kuzikataa.

Jambo moja zaidi kabla hujalipa: soma kipimo cha sidii. Singo za Kijapani za miaka ya 90, "Love Phantom" ikiwemo, zilitoka kwenye visidii vya sentimita 8. Ni vizuri na bei yake ni ya peremende, lakini ukikisukumiza kimoja kwenye tundu la redio ya gari kinaweza kukwama humo ndani, na hapo utamhitaji yule fundi tuliyemkwepa mwanzoni.