Gazi, Kwale: daraja la akina mama na msitu unaolipia maji ya kijiji

Ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, Gazi iko takriban kilomita 50 kusini ya Mombasa, upande wa bahari, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Msambweni. Matatu hukushusha barabarani na bodaboda hukuingiza kijijini. Hapo mgeni anapata mambo mawili kwa safari moja. La kwanza ni daraja la mbao la kikundi cha akina mama wa Gazi, linaloingia ndani ya mikoko kwa mita 300 hivi. La pili ni kazi ya Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni, wanaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayobaki ndani yake. Daraja peke yake ni matembezi mazuri ya saa moja. Ukiongeza kazi ya mradi, ni mojawapo ya ziara bora za mafunzo tunazoweza kupendekeza pwani hii kwa kikundi chochote cha kijiji, shule au wavuvi.

Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na pwani hii wakati wa bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi alasiri. Tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na wakati wa maji mafu tofauti hiyo huwa ndogo sana. Anayetaka kushuka topeni, kuona miche au kupanda, aende asubuhi ya bamvua. Anayetaka kuona maji yakiingia chini ya mbao na samaki wadogo wakifuata mizizi, asubiri alasiri. Mpango mzuri zaidi ni wa siku nzima: tope asubuhi, chakula cha mchana kwa akina mama, daraja maji yakijaa. Wanaofika saa sita mchana wa maji mafu wanaona nusu ya mambo, halafu wanasema Gazi haina kitu.

Darajani viatu vyovyote vyenye mpira usioteleza vinatosha. Topeni vaa viatu vya kufunga kwa kamba. Ndara hung'olewa na tope hatua ya tatu, na mizizi ya kupumulia ya mti uitwao mchu, iliyosimama wima kama penseli, huchoma nyayo. Kijiji ni cha Waislamu kwa wingi, kwa hiyo mavazi ya heshima, na Ijumaa acheni nafasi ya sala.

Faida kubwa ya daraja ni kwamba linakupitisha kati ya miti bila kuivunja. Neno mikoko tunalitumia kwa msitu mzima, lakini mkoko wenyewe ni mti mmoja tu kati ya aina tisa zinazohesabiwa kwa kawaida nchini Kenya, na zote tisa ziko katika ghuba ya Gazi. Mkoko utaujua kwa mizizi iliyopinda kutoka shinani kama miguu ya kaa. Mlilana hukaa mbele, unapokutana na bahari, una majani ya mviringo na mizizi minene ya kupumulia iliyochongoka. Mkandaa ni mfupi, na gome lake ndilo lililotumika tangu zamani kutia rangi na kutengeneza ngozi. Muia una mizizi iliyokunjwa kama magoti, na mkomafi huzaa tunda la mviringo kubwa kama mpira. Jani la mchu ukilionja kwa ulimi lina chumvi, kwa sababu mti huo hutoa chumvi kupitia majani. Mchu pia hupatikana sehemu mbili: nyuma kabisa karibu na nchi kavu, na tena mbele karibu na maji, na katikati zimesimama aina nyingine. Mwambie mwongozaji akuonyeshe mpangilio huo, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa upandaji.

Daraja la mbao juu ya maji ya chumvi halimaliziki kujengwa. Misumari hushika kutu, wadudu wa baharini hutoboa nguzo pale maji yanapopanda na kushuka, na mbao za juu hupasuka kwa jua. Ndiyo maana kiingilio kisibishaniwe: fedha ya mgeni ndiyo inayonunua ubao unaofuata. Tembeeni kwa mstari, msirundikane sehemu moja kupiga picha, kanyageni penye misumari maana chini yake ndipo pana mhimili, na watoto washikwe mkono.

Kuhusu upandaji tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo vikundi vingi vya kujitolea hupoteza nguvu na Gazi ina jambo la kufundisha. Miaka ya 1970 sehemu za ghuba hii zilikatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za viwandani, zikiwemo za kuchomea chokaa na matofali, na baadhi ya sehemu hazikuota tena zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari yenye kituo hapo kijijini, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mashamba hayo leo ni msitu. Mradi wenyewe hupanda eneo dogo tu, hekta 0.4 kwa mwaka, ambayo kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1 ni miche 4,000. Idadi hiyo inaonekana ndogo mbele ya matangazo ya miti milioni, lakini ni idadi inayoweza kupandwa mahali sahihi, kuhesabiwa na kurudiwa.

Mbegu ya mkoko ni ile fimbo ya kijani inayoning'inia, na huanza kuota ikiwa bado mtini. Iliyokomaa ina pete ya rangi ya manjano pale inapoungana na tunda, na ikiguswa hutoka bila kuvutwa. Ya kuvuta kwa nguvu haijawa tayari. Tupa yenye tundu, hata dogo kama tundu la sindano, kwa sababu ndani mna mdudu. Zilizochaguliwa huwekwa kivulini siku chache kabla ya kupandwa: zikinyauka kidogo kaa hawazitamani sana, na kaa ndio adui wa kwanza, hukata mbegu usiku mmoja shamba zima. Kupanda ni kusukuma theluthi moja ya urefu ndani ya tope, ncha iliyochongoka chini, bila kugeuza na bila kupigilia. Ikizama zaidi huoza, na ikizama kidogo bamvua inayofuata itaiokota.

Mchu na mlilana haziendi hivyo. Mbegu ya mchu huvuliwa ganda kwa kulowekwa na kuoteshwa kwenye viriba vya tope kitaluni. Mbegu za mlilana ni ndogo sana ndani ya tunda, nazo pia zinahitaji kitalu, la sivyo huhamishwa miche iliyojiotea. Kwa kuwa mkoko ni rahisi, vikundi vingi hupanda mkoko kila mahali, hata penye haki ya mlilana mbele au mchu nyuma. Matokeo yake ni mistari mizuri kwenye picha na fito kavu baada ya mwaka. Sababu nyingine ya kufeli ni kupanda chini mno, kwenye fungu la mchanga au kwenye nyasi za bahari, mahali ambapo mikoko haikuwahi kuwepo. Huko mche hukaa ndani ya maji muda mrefu kupita kiasi, mchanga unaohama huufukia, na wadudu wenye magamba huganda shinani mpaka unalemewa. Kabla ya kupanda uliza swali moja: je, palikuwa na mikoko hapa? Kama ilikuwepo na haioti tena, tafuta kwanza kilichoizuia, mara nyingi ni mkondo wa maji uliozibwa. Ukizibua mkondo, na miti mizazi iko karibu, bahari yenyewe italeta mbegu bure.

Milango ya mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, huingiza maji baridi na udongo katika ghuba, kwa hiyo mvua kubwa za masika zinaweza kufukia miche michanga. Mililana nayo hushambuliwa na wadudu wanaotoboa matawi, na dalili ni tawi la juu kukauka huku mengine yakiwa ya kijani. Yakaguliwe haya yote kwa ratiba: mwezi wa kwanza, wa tatu, kisha mwaka, na hesabu iandikwe ya miche iliyo hai, si ile iliyopandwa.

Sehemu ya nchi kavu wageni huisahau. Huwezi kumkataza mtu kukata boriti na kuni bila kumwonyesha atakapozipata, kwa hiyo mradi hupanda mivinje. Mvinje hutoa nguzo nyembamba ndani ya miaka minne hadi sita. Siri ya kitalu chake ni kuchanganya udongo uliochotwa chini ya mivinje mikubwa, kwa sababu humo mna vijidudu vinavyoisaidia mizizi kujipatia naitrojeni. Bila udongo huo miche hudumaa na kuwa ya manjano.

Sasa fedha. Hekta 117 zimehesabiwa kuzuia na kufyonza karibu tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, kwa mkataba wa miaka 20 ulioanza 2013 chini ya Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha miradi ya hewa ukaa ya wanajamii. Shirika dogo la hisani la Scotland, ACES, huuza vyeti vya tani hizo kwa wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayoitoa wao, na kurudisha fedha kijijini, na kiwango chenyewe kinataka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie wanajamii. Kamati iliyochaguliwa na wakazi huitisha baraza, na baraza huamua: maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule za msingi za Gazi na Makongeni. Unaweza kusimama kwenye kioski cha maji ukaona hewa ukaa imegeuka kuwa ndoo. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hesabu hiyo haitoki hewani. Viwanja vya mita 10 kwa mita 10 huwekewa alama, na kila mti hupimwa kipenyo kwenye urefu wa mita 1.3. Mkoko wenye mizizi mirefu hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Visiki vipya pia huhesabiwa. Ni kazi ambayo mtu aliyemaliza shule ya msingi anaifanya vizuri akifundishwa siku moja, na ndiyo inayoweza kuigwa kwa urahisi zaidi na wajitoleaji wa kijiji kingine, hata kama hawana mpango wa kuuza chochote.

Tuna mambo mawili ya kusema kwa uzito. Tani 3,000 ni kidogo, na bei haiwekwi kijijini. Ukaguzi una gharama iwe msitu ni mkubwa au mdogo, kwa hiyo kijiji chenye hekta 20 kisitarajie kuishi kwa vyeti. Jirani zao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, waliungana vijiji vitatu na kuingiza hekta 460, na hiyo ndiyo njia yenye akili kwa wadogo. La pili ni haki. Maji na shule hunufaisha wote, lakini aliyeacha kukata miti amepoteza riziki yake peke yake. Kijiji kinachotaka kuiga kiwahesabu wakataji kwa majina kabla ya kuanza, na kiwape nafasi za kwanza katika ulinzi wa doria na kitalu. Mkataji wa zamani anajua njia zote za msituni, na hakuna mlinzi bora kuliko yeye.

Wanaokuja kutoka Tanga, ambako msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ni kawaida, watauliza ni kazi gani hulipwa na ipi hufanywa bure. Liulizeni wazi kwa kamati, pamoja na daftari la maamuzi ya baraza na mkataba wa usimamizi wa pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa sababu mikoko ni ya serikali, na bila mkataba huo kijiji hakina cha kuuza. Toeni taarifa siku kadhaa kabla mkiwa kundi, msizidi watu 15 kwa mwongozaji mmoja darajani, na agizeni chakula mapema. Samaki wa nazi wa Gazi hutoka kwenye mitumbwi ya asubuhi hiyo hiyo, na mpishi anahitaji kujua idadi kabla wavuvi hawajauza.