Debian 12 kwa Sauti Tupu: Je, Kompyuta ya Mtumba Inaiweza?

Karibuni tena, watazamaji wetu, na ninyi wasioona mnaotusikiliza, hapa Dodoma. Leo tunaipima Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 2, na kioo kimezimwa. Niseme mapema: Debian yenyewe haisumbui. Kinachosumbua ni kabla haijaanza kuongea.

BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, haisemi neno. Kwa hiyo ukinunua mashine, fundi abadilishe betri ya CR2032, kisha aweke USB iwe ya kwanza kuwaka, palepale dukani. Betri hiyo ikifa, umeme ukikatika tu mpangilio unafutika na saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Saa ikikosea, apt, kipakuzi cha programu cha Debian, inaweza kugoma kupakua, nawe ukaulaumu mtandao bure.

Faili la ISO, yaani la kuwekea Debian, usilikopi kwenye flashi kama wimbo, halitawaka. Liandike kwa Rufus, programu ya Windows ya kuandaa flashi, hali ya DD, yaani kunakili picha nzima kama ilivyo.

Chomeka flashi na hedifoni za waya, washa. Mlio mmoja ni BIOS, miwili ni UEFI, mrithi wa BIOS kwenye mashine mpya zaidi. Bonyeza s, kisha Enter, sauti ianze. Mashine yako haina kispika cha ndani cha kutoa mlio huo? Kwenye BIOS, tulia: sekunde 30 zikipita bila kugusa kitu, sauti inajianzisha yenyewe. Kama kuna kadi ya sauti zaidi ya moja, mfano ya HDMI, itajaribu moja baada ya nyingine. Bonyeza Enter pale tu unapoisikia.

Swali la kwanza la kuweka Debian linasomwa kwa Kiingereza, kwa sauti ya kiroboti hasa. Ikikuchosha kwa kwenda polepole, CapsLock na 6 inaongeza kasi, CapsLock na 5 inapunguza. Majibu yana namba: andika namba, Enter. Enter peke yake inakubali jibu lililopendekezwa.

Hapo ndipo watu hunasa. Kwenye kugawa diski, swali la mwisho la kuandika mabadiliko limependekezewa "hapana". Ukibonyeza Enter kwa mazoea, unarudishwa nyuma, unazunguka. Chagua 1. Ila ujue, ukichagua kutumia diski nzima, yote inafutwa, kwa hiyo picha za harusi zihamishwe kwanza.

Kwenye mazingira ya kazi, yaani menyu na madirisha utakayotumia, chukua MATE, iliyo nyepesi, acha GNOME. Kwa GB 2 utanishukuru. Ukimaliza, Orca, programu inayosoma kioo kwa sauti, itakuwa imeshawekwa, na Super+Alt+S (Super ni kitufe chenye nembo ya Windows) inaiwasha au kuizima.