Kutolewa upepo kwenye rejeta: huduma ya gereji moja ya Mabatini, Mwanza

Nilifika katika gereji hii nikiwa nimekwisha kuambiwa na gereji nyingine ya hapa jijini, ambayo sitaitaja, kwamba gasketi ya silinda hedi ya Toyota Voxy yangu, ile inayotenga silinda na njia za maji, imeungua na kwamba niandae shilingi 450,000. Gereji hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imebadilisha mpira wa juu wa rejeta siku mbili kabla, ikamimina maji ya bomba kwa pupa hadi yakafurika shingoni, ikafunga mfuniko na kunikabidhi ufunguo, kazi yote isiyozidi robo saa. Kesho yake, nikipanda kilima cha Bugando, mshale wa joto ulisogea karibu na nyekundu, ukashuka, ukapanda tena, na nyuma ya dashibodi nikasikia mlio kama wa mtungi unaojazwa maji.

Gereji ya Mabatini ni ua wenye kipande cha paa la bati, na mteja hukalia kiti cha plastiki chini ya mwembe. Fundi ni kijana, na jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba hakushika spana. Aliuliza maswali.

"Mama, ukiwasha hita inatoa joto?"

"Mwanangu, Mwanza hii nani anawasha hita?"

Alicheka, akawasha injini, akafungua hita zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hadi mwisho. Mshale ulipanda kama kawaida yake ya siku hizo, lakini upepo uliotoka kwenye matundu ulikuwa wa baridi. Akasema hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu hita ni rejeta ndogo inayopitishiwa maji yaleyale ya injini. Injini ikiwa ya moto na hita ikabaki baridi, maji hayafiki kule, na kinachoyazuia mara nyingi ni upepo uliojikusanya kwenye mabomba. Gari lenye hita ya nyuma lina mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu, kwa hiyo hunasa upepo kwa urahisi zaidi kuliko gari dogo kama Vitz.

Alinieleza pia kwa nini upepo huo si jambo dogo, na maelezo yake yalikuwa sahihi. Hewa haibebi joto kama maji, hivyo sehemu ya chuma iliyozungukwa na hewa huungua wakati sehemu ya jirani imepoa. Sensa ya joto ikiwa ndani ya povu hutoa kipimo cha uongo. Na thamostati, yaani kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, ambayo kwenye gari hili hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, huchelewa kufunguka kwa kuwa haijaguswa na maji ya moto. Kwa sisi wa kando ya Ziwa Victoria kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii: uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta, kwa sababu ule ulioandikwa 0.9 hushikilia mgandamizo unaosogeza kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 116. Wangu ulikuwa na mpira uliokauka na kupasuka, nao ukabadilishwa.

Kazi yenyewe ilianza baada ya dakika 40 za kungoja, mpaka mpira wa juu ukawa unashikika kwa mkono mtupu. Hakukubali kufungua mfuniko kabla ya hapo, ingawa nilikuwa na haraka. Alimwaga maji yote, akainua pua ya gari kwa jeki na kuiegesha juu ya stendi ili shingo ya rejeta iwe mahali pa juu kuliko pote, kisha akafunga shingoni faneli kubwa ya plastiki angavu yenye mpira unaobana pasipovuja. Humo akamimina polepole mchanganyiko wa nusu kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, na nusu maji ya betri, yale yasiyo na asidi, akiminyaminya mpira wa juu kwa kitambaa kila baada ya muda.

Injini ilipowashwa niliinuka kitini nikaenda kutazama. Mwanzoni yalitoka mapovu makubwa, moja moja, na kila lilipopasuka maji ndani ya faneli yalishuka kwa kiasi cha vidole viwili. Baada ya dakika 15 hivi mpira wa chini wa rejeta ulipata joto ghafla, maana yake thamostati imefunguka, na mara yakaja mapovu madogomadogo kama ya soda iliyotikiswa. Alikanyaga mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, akaachia, akarudia. Feni iliwaka na kuzima mara mbili kabla faneli haijatulia, na kufikia hapo hita ya nyuma ilikuwa inatoa joto ambalo hata mbwa wa gereji alilikimbia.

Hapo ndipo ninapompa alama za juu kuliko zote. Baada ya maji kutulia hakufunga mfuniko, bali aliacha injini iungurume dakika 20 nyingine huku akiikodolea macho faneli. Upepo ulionaswa una mwisho, alisema, lakini gasketi ikiwa imeungua, moshi wa silinda huendelea kusukumwa ndani ya maji na mapovu hayakomi hata ungoje hadi magharibi. Yangu yalikoma. Kwa subira hiyo peke yake hukumu ya shilingi 450,000 ilifutika, na nililipa shilingi 30,000 za ufundi pamoja na bei ya kulanti na mfuniko. Nilipomuuliza kuhusu ushauri wa mafundi wengi wa kuing'oa kabisa thamostati, alikunja uso. Katika injini ambazo thamostati ndiyo pia hufunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini, ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Kasoro zipo. Niliingia saa tatu asubuhi na kutoka saa nane mchana, na hakuna aliyenidokeza mapema kwamba kazi ingechukua muda wote huo. Risiti niliipata baada ya kuidai mara mbili. Kubwa kuliko zote, yale maji ya zamani yalimwagwa mtaroni, na mtaro huo unaelekea Mto Mirongo ambao huingia ziwani. Safari hiyo yalikuwa maji ya bomba yenye kutu, lakini beseni la kukingia sikuliona, na kulanti ya kawaida ina glaikoli, sumu yenye ladha tamu ambayo mbwa huilamba bila kusita. Nilimwambia fundi, naye alikiri bila ubishi kwamba hawana pipa la kuhifadhia.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, nilifungua mfuniko kama alivyoniagiza na kukuta maji yamepungua kwa kiasi cha kikombe kimoja, nikajaza. Jumamosi nilivuka Daraja la Kigongo–Busisi hadi Sengerema na kurudi, watu saba ndani na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na mshale haukuvuka katikati. Nitarudi kwao mwezi ujao kubadilisha mpira wa chini wa rejeta, ambao nao umeanza kulainika, na nimekwisha kuweka madumu mawili matupu kwenye buti.