Chombo cha kulishia ndege chenye springi: tathmini kutoka Lang'ata, kiangazi hadi masika

Chombo ninachokitathmini hapa ni mrija mnene wa plastiki angavu, wenye urefu wa dhiraa moja hivi, uliozungushiwa wavu wa chuma wa rangi ya kijani. Una matundu manne ya kulia chakula, na chini ya kila tundu kuna kijiti cha ndege kutua. Ndani yake mna springi: mnyama mzito akikikalia kijiti, wavu hushuka na kuyaziba matundu, akiondoka, wavu hupanda na chakula kinapatikana tena. Nilikinunua kwa shilingi 4,200 kutoka duka moja la bidhaa za bustani linalouza mtandaoni, nikakitundika kwenye mjakaranda ulio uani kwetu Lang'ata kiangazi kilipokuwa kimeanza kukaza, na nimeendelea kukitumia hadi mvua za masika zilipokolea.

Kijitabu kinachoambatana na chombo kimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za kaskazini, na kinasisitiza kwamba Februari na Machi, yaani mwanzo wa majira ya kuchipua, ndio wakati ambapo ndege wanahitaji msaada kuliko wakati mwingine wowote. Sababu zake ni za kweli huko kwao: mbegu zilizobaki tangu mwaka uliopita zimekwisha, wadudu hawajatoka kwa sababu ya baridi, na ndege wako karibu kuanza kujenga viota. Nilitarajia kwamba ushauri huo hautakuwa na maana yoyote mahali ambapo jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima. Hata hivyo, miezi hiyohiyo ndiyo Nairobi humaliza kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na mbegu zake zimekwisha kupukutika, huku kwera na shomoro wakisubiri mvua ili wazae. Kwa hiyo kalenda ya kijitabu inafaa hapa, ingawa inafaa kwa sababu ambazo mwandishi wake hakuzifikiria.

Kisichofaa ni adui aliyekusudiwa. Springi ile imebuniwa kumzuia kindi, ambaye kule Marekani na Uingereza ni mwizi sugu wa chakula cha ndege. Uani kwetu mwizi ni tumbili, na tumbili hana haja ya kukikalia kijiti. Huning'inia kwenye tawi kwa mkono mmoja, akainua kifuniko kwa mkono wa pili, kisha akachota alizeti kwa utulivu wa mtu aliyealikwa. Kifuniko hakina kufuli wala komeo la aina yoyote, jambo ambalo naliona kuwa uzembe mkubwa kwa kifaa cha bei hii. Ilinibidi nikifunge kwa waya, ambao sasa hufunguliwa kwa koleo kila ninapojaza.

Suala la chakula lenyewe linastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi wa Nairobi atakapoamua kama chombo hiki kinamfaa. Matundu yamekatwa kwa kipimo cha mbegu ya alizeti. Nafaka ambazo mkazi wa jiji hili huzipata kwa urahisi na kwa bei nafuu, kama vile mawele, wimbi na mtama mdogo wa pale Nyamakima, kwa wauzaji wa nafaka katikati ya jiji, huchuruzika kupitia matundu hayo bila kusubiri ndege, na nusu ya ulichomimina utaikuta ardhini kabla ya chai ya saa nne. Kijitabu kinapendekeza pia mbegu ndogo nyeusi ambazo Wazungu huwapa ndege wa jamii ya chiriku. Mbegu hizo hulimwa kwa wingi Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini, kisha husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Mimi sikuzipata katika maduka niliyoulizia hapa. Imebaki alizeti, ambayo huuzwa ghali zaidi katika maduka ya vyakula vya kasuku na wanyama wa nyumbani.

Nafaka inayomwagika haipotei yote. Tetere huiokota, na mshigi, ambao ni wadogo kiasi cha kutoshea kwenye kiganja, hupendelea kula ardhini kuliko kung'ang'ania kijiti kinachobembea. Tatizo ni panya, ambao huja usiku kumaliza kilichosalia. Nimeweka chini ya chombo sinia la plastiki ambalo huondolewa jioni, na ningependa mtengenezaji angefikiria kuliweka katika pakiti badala ya ile brashi nyembamba isiyofika hata katikati ya mrija.

Kwa wale ndege wanaokubaliana na umbo lake, chombo hiki ni kizuri kwelikweli. Kwera alikuwa wa kwanza kukizoea. Dume la aina inayoonekana sana katika bustani za Nairobi, lenye mgongo mweusi, kifua cha manjano na macho ya manjano makali, huja na jike lake, wala hawavumilii jozi nyingine karibu. Tofauti na kwera wengine wanaojenga viota kwa makundi makubwa, hawa hupenda kuishi wawili wawili. Hunata kwenye kijiti hata kichwa chini, huchomoa mbegu, hulibandua ganda kwa mdomo, na kwa kuwa plastiki ni angavu, mtu aliyeketi verandani huona kazi yote hiyo bila darubini. Shomoro walifuata, kisha chiriku wachache. Uzito wao haukuisumbua springi hata mara moja, na katika hilo mtengenezaji anastahili sifa.

Lakini bustani ya Nairobi ina ndege wengi ambao mbegu kavu si chakula chao, na kwa hao chombo hiki ni kama mti uliokauka. Pasa, wale wa kahawia wenye kishungi na mikia mirefu, hutaka papai na ndizi mbivu. Chozi hutaka maji matamu ya maua, na atakayempandia mshubiri kando ya ua atamwona mara nyingi zaidi kuliko atakayetundika chombo cha aina yoyote. Kurumbiza hutafuta wadudu chini ya vichaka. Kwarara, ambaye hutuamsha kwa kelele bila kuombwa, huchimbua minyoo kwenye nyasi na hana habari na mambo ya juu. Wageni wenyewe wanaohusika na majira ya kuchipua ya kaskazini, yaani mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya wanaopita angani mwezi Machi na Aprili wakirejea kuzaa kwao, hula wadudu wanaoruka, hivyo hawatakitazama chombo chako hata ukikijaza alizeti bora kuliko zote. Picha ya mbayuwayu iliyochapwa kwenye boksi ni urembo tu.

Mvua zilipoanza, kasoro nyingine zilijitokeza. Kifuniko ni chembamba mno kwa masika yetu, ambayo mara nyingi huja yakisukumwa na upepo wa ubavuni, na vitundu vya kutolea maji chini ya mrija huziba kwa maganda. Mbegu za chini zikaanza kushikamana na kunuka uvundo. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu tunayoonywa kuihusu katika mahindi, huwadhuru ndege pia, kwa hiyo chakula kilicholowa hakifai kuachwa hata kama juu yake kinaonekana kikavu. Ninachofanya sasa ni kuweka mbegu kidogo zinazotosha siku moja, na kukiosha chombo kila wiki kwa maji moto na sabuni, kisha kwa dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, nikisuuza vizuri na kukianika hadi kikauke kabisa. Kukifungua kwa ajili ya kazi hiyo ni rahisi. Sehemu ya chini huzungushwa na kutoka bila vifaa.

Usafi huu si mapambo. Mwanzoni mwa 2021, wakazi wa majimbo ya magharibi ya Marekani waliombwa kuondoa vyombo vyao vya kulishia kwa sababu ndege walikuwa wakifa kwa bakteria wa salmonela walioambukizana hapo. Nchini Uingereza, ugonjwa unaosababishwa na kimelea cha trikomonasi, ambao ulianza kuwaua chiriku wa kijani wa huko mwaka 2005, ulilifanya shirika la kuhifadhi ndege la huko, RSPB, lisitishe kuuza meza bapa za kulishia mwaka 2025, kwani mate na kinyesi hurundikana juu yake. Hapa mrija una faida ya wazi, kwa sababu chakula hukaa ndani na ndege hawakikanyagi. Mafundi wa Ngong Road wanaweza kukutengenezea sinia la mbao kwa sehemu ndogo ya bei ya chombo hiki, na pasa pamoja na kwenzi watalifurahia, lakini litahitaji kusuguliwa karibu kila siku.

Mahali pa kukitundika pia pana umuhimu wake. Kijitabu kinaelekeza kiwe chini ya mita moja kutoka dirishani, au mbali kwa zaidi ya mita tisa, ili ndege wanaoshtuka na kuruka wasijigonge kwenye kioo kwa kasi. Ushauri huo ni mzuri popote duniani, na kwetu unasaidia kwa namna ya ziada: chombo kikiwa karibu na nyumba, mwewe hawathubutu sana.

Kwa jumla sijutii kukinunua, ila kwa mwenye shilingi 4,200 na bustani ndogo, ningemshauri aanze na bakuli pana la udongo kutoka kwa wauzaji wa miche kando ya barabara, alijaze maji yenye kina kifupi na kuyabadilisha kila asubuhi. Mwezi Februari bakuli kama hilo huleta aina nyingi zaidi za ndege kuliko alizeti, wakiwemo kurumbiza na chozi wanaopenda kuoga. Anayetaka kuwafahamu kwa majina naye ana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa chini ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, matembezi ambayo yamekuwapo tangu mwaka 1971. Atakayekitaka chombo hiki hata hivyo, kwa sababu ya kwera na shomoro, akinunue kabla ya Februari, akiondoe mvua zikinyesha mfululizo, kwa kuwa wakati huo nyasi na wadudu huwatosha, na amwulize muuzaji kwanza kama ana springi za akiba. Yangu imeanza kushika kutu, na duka lililoniuzia linasema huletwa pamoja na chombo kizima tu.